Mfuko Ulioondoka Wenyewe

Kijiwe cha Gundi kipo Kirumba, jijini Mwanza, pale barabara ya kuteremkia soko la samaki la Mwaloni inapojikunja kulikwepa jiwe ambalo hakuna mkandarasi aliyewahi kuliweza. Benchi lake ni ubao wa mtumbwi uliostaafu, umelazwa juu ya mawe mawili, na mbele yake Adventina, mama wa Kihaya mwenye birika kubwa la kahawa na ulimi usiolala, huweka jiko lake la mkaa kila siku saa kumi jioni. Kuanzia hapo mpaka birika likauke, hakuna jambo la dunia hii lisilokuwa na mtaalamu wake pale benchini. Yupo Pius, karani mstaafu wa mahakama, ambaye watu humwita Kifungu, maana hata ukipiga chafya atakutajia kifungu ulichokivunja. Yupo Shimba, mchuuzi wa samaki mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili, aitwaye Sangara, na ambaye methali zote za Kiswahili anazijua isipokuwa mahali pa kuzitumia. Mwenye kijiwe ni Luhende, fundi viatu, ndiye Gundi mwenyewe, kwa kuwa hushinda pale tangu asubuhi na sanduku lake la mbao akirudishia watu soli zao, wengine huja na kuondoka wakamwacha.

Jumatano hiyo Gundi hakuwa na raha hata kidogo. Ndani ya sanduku, chini ya makopo ya rangi na vipande vya tairi, alikuwa ameficha mfuko usiokuwa wake. Jumatatu alishinda ameinamia viatu, na jioni ndipo alipoukuta mwishoni mwa benchi: mfuko mwekundu wa kitambaa, umefungwa mdomo kwa uzi mweusi. Wenzake walikuwa wamekwisha kwenda zao, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa, naye akaona mvua italowesha kitu cha watu, akaondoka nao. Nyumbani aliufungua. Ndani mlikuwa na ndala ndogo za bluu, mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Mlikuwa na kadi ya kliniki. Na mlikuwa na barua ya rufaa yenye mhuri, ikisema kwamba mtoto wa kike wa miaka sita afikishwe hospitali Alhamisi, saa mbili asubuhi, na barua hii mkononi, apasuliwe jicho na madaktari wageni ambao huja mara moja kwa mwaka. Juu ya kadi iliandikwa namba ya simu kwa kalamu nene, mtu angeisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Gundi alitoa simu yake akabonyeza tarakimu tisa. Ya kumi hakuibonyeza.

Msimlaumu kabla hamjamsikia. Mwaka juzi Gundi aliokota simu, akaipeleka kituoni kwa miguu yake mwenyewe kama mtu mwema. Mwenye simu akaja, akaigeuzageuza, akauliza kifuniko chake cha ngozi kiko wapi. Gundi alilala ndani siku mbili kwa ajili ya kifuniko ambacho hajakiona mpaka leo. Alipotoka aliapa kwamba kitu cha mtu kikidondoka, kidondokee mbali na yeye. Na sasa ni Jumatano jioni, kesho ndiyo Alhamisi, na mfuko upo ndani ya sanduku, karibu na goti lake la kushoto.

Ndipo akafika Muganyizi. Huyu ni fundi wa mashine za barafu kwenye kiwanda kimoja cha samaki, na zamani jina lake la kijiweni lilikuwa Barafu. Kiwanda kilimpeleka Japani wiki tatu kujifunza mashine mpya, akarudi Jumapili iliyopita, na tangu hapo wanamwita Mjapani. Alikuja na begi lake la mgongoni, akaliweka juu ya benchi.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, walijibu.

— Kaa hapo tukuhoji, alisema Kifungu. Jana ulitwambia habari za mashine. Mashine hatuzitaki. Tueleze barabarani kukoje.

— Barabarani ni kimya, mzee. Na kwenye treni ndiyo kabisa. Behewa moja watu mia, wamesimama wamebanana, na humsikii mtu.

— Wamelala? aliuliza Sangara.

— Wengine wamelala. Wengine wako macho ila hawaongei. Simu ya mtu ikiita, anaizima huku anaona aibu kama kapasua sahani ya ukweni.

— Kimya kingi kina mshindo, alisema Sangara kwa huzuni. Hapo palikuwa na msiba.

— Kila siku msiba, mzee Shimba?

— Nchi yenyewe kubwa.

Kifungu alitikisa kichwa kama anavyotikisa mtu aliyewahi kuona mafaili.

— Si msiba. Watu mia hawanyamazi bure. Ukiona watu mia wamenyamaza, jua wanajua nani anawasikiliza. Endelea. Na dereva?

— Dereva kavaa glavu nyeupe.

— Glavu! Kifungu aliwageukia wenzake. Dereva wa treni anaogopa kuacha alama za vidole. Mimi nauliza tu, alikuwa anakwenda kufanya nini?

— Mzee, ni sare yake. Lakini kweli ana vituko. Mimi nilikuwa napenda kusimama nyuma ya kioo chake nimtazame. Yuko peke yake mle ndani. Akiona taa, anainyooshea kidole na kusema kwa sauti: taa, kijani. Akifika kituoni anainyooshea saa yake kidole: muda, umetimia. Milango ikijifunga ananyoosha kidole: imefungwa. Hivyo hivyo kutwa nzima.

— Anamwambia nani? aliuliza Adventina.

— Hamna mtu, mama.

— Basi anawaambia wasioonekana.

— Hata mimi nilitaka kujua, nikamuuliza mwalimu wetu. Akasema jicho linaona kitu na moyo unakiruka. Lakini ukishakinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti, huwezi tena kujifanya hukukiona.

Sindano ya Gundi ilisimama katikati ya soli. Kisha ikaendelea.

— Sisi tulipokuwa wadogo, alisema Adventina, tuliambiwa ukinyooshea kaburi kidole, kidole kinaoza.

— Ndiyo maana wakavaa glavu, alisema Sangara.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na kijiwe kiliitikia kwa vichwa. Adventina alimimina raundi ya pili na kugawa kashata. Muganyizi alikunywa, akajifuta mdomo, akaendelea, maana mtu aliyetoka safari ni kama aliyeshiba ugali na sato, hawezi kukaa bila kucheua.

— Kuna siku treni ilichelewa dakika tano. Mnajua walifanya nini? Walisimama getini wanagawa vikaratasi: sisi ndio tuliochelewa, huyu hana kosa. Unakwenda kumpa mwajiri wako.

— Kielelezo, alisema Kifungu. Umekihifadhi?

— Ninacho nyumbani.

— Kichome moto. Karatasi inayosema huna kosa ndiyo ya kwanza kufungua faili.

— Na watoto, alisema Muganyizi, ambaye sasa alikwishajua kwamba chochote atakachosema kitachunwa ngozi, lakini hakuweza kujizuia. Niliona mtoto wa miaka sita, kofia ya njano, begi limemzidi mwili, anapanda treni peke yake. Anashuka, anapanda nyingine. Wala hana wasiwasi.

— Miaka sita? aliuliza Gundi. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni hiyo.

— Sita, au saba ikizidi.

— Na mama yake? aliuliza Adventina.

— Kazini.

— Mimi sikubali. Mtoto wa miaka sita hata kamasi hajajua kupenga. Hakuna mama wa hivyo.

— Huyo siyo mtoto, alisema Sangara. Hao wenzetu wameendelea, wanatengeneza mpaka watu. Umemgusa?

— Nimguse wa nini?

— Basi huna ushahidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kama hakuzaliwa, utamlea vipi?

Kifungu alikohoa, maana nadharia ya Sangara ilikuwa imeanza kupendwa na yeye alikuwa hajatoa yake.

— Mtoto ni wa kweli. Ila ni chambo. Wanamwachia barabarani kama minyoo kwenye ndoano, halafu watu wazima waliovaa suti na kunyamaza behewa zima ni askari. Wote mia. Wanangoja nani ataukunjua mkono.

— Mzee Pius, nchi nzima haiwezi kuwa askari.

— Wewe uliona nchi nzima?

Muganyizi alikiri kwamba hakuiona. Ndipo akasema lile jambo ambalo Gundi, bila kujua, alikuwa akilingoja tangu Jumatatu.

— Basi niwaambie lililonipata mimi mwenyewe. Hili begi, mnaliona? Nililisahau kwenye treni. Juu kule kwenye kichanja cha mizigo. Nikashuka, treni ikaenda, nami nimebaki na miwani tu. Pasi ya kusafiria mle ndani. Kamera ya kiwanda mle ndani. Nililia, wazee, siwafichi. Nikasema kazi imekwisha, nitakwenda kuuza nyanya Bukoba.

— Enhe.

— Mwalimu akanipeleka kakituo kadogo ka polisi, kako pembeni ya barabara, kana askari mmoja na meza moja. Askari akaandika, akapiga simu, akasema njoo kesho. Kesho yake begi lipo. Pasi ipo, kamera ipo. Hata biskuti nilizokuwa nimeziumauma zimo, zimekunjwa vizuri.

Kijiwe kilimtazama Muganyizi kama anavyotazamwa mtu anayeuza mafuta ya kuotesha nywele.

— Unatufunga kamba, alisema Sangara.

— Haki ya Mungu.

Gundi aliweka kiatu chini. Alijitahidi sauti yake iwe ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

— Na aliyeliokota?

— Vipi aliyeliokota?

— Walimfanya nini?

— Hawakumfanya kitu, mzee Luhende. Aliliona, akalipeleka, akaandika jina, akaenda kazini kwake.

— Hawakumweka ndani? Hata kidogo, mpaka wewe uje ukague?

— Kwa kosa gani?

Gundi alilijua swali hilo. Mwaka juzi alikuwa amewauliza askari swali hilo hilo, nao hawakuwa na jibu, ila walikuwa na ufunguo. Alimwonea wivu mtu yule asiyemjua wa Japani, aliyeandika jina lake na kwenda kazini. Wivu ulimbana kifuani kama kiatu kipya. Akaokota sindano, akaendelea kushona mahali alipokwisha kushona.

— Mimi nakuuliza jambo moja, Mjapani, alisema Kifungu taratibu. Begi lilikaa kwao usiku mzima?

— Ndiyo.

— Na wewe hukuwapo?

— Nilikuwa hotelini.

— Basi. Walikuwa na usiku mzima na begi. Hakuna mtu duniani anayerudisha kitu kama kilivyo. Aliyerudisha bila kupunguza, ameongeza.

Maneno hayo yaliingia kijiweni kama baridi. Hata Adventina, ambaye alikuwa akipepea mkaa, aliacha kupepea.

— Ameongeza nini? aliuliza Muganyizi.

— Sikio. Kidude kidogo kama punje ya mtama. Kimo humo kwenye mshono. Sasa hivi tunavyoongea kuna mtu kavaa glavu nyeupe kule kwao anaandika: Sangara kasema hivi, Adventina kasema vile.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Sangara, na kwa mara ya kwanza mwaka huo methali yake ilikaribia kufaa. Alisimama, akachukua ufito wa kuchokolea mkaa, akalisukuma begi la Muganyizi mpaka mwisho wa benchi, kisha akaliinamia na kusema kwa sauti kubwa, akitamka vizuri: Bei ya sangara imepanda. Hatuna siri nyingine.

Muganyizi alicheka. Wengine hawakucheka. Adventina alikuwa anatazama pale begi lilipokomea, mwishoni mwa benchi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

— Hapo hapo, alisema. Jumatatu palikuwa na mfuko hapo hapo.

Gundi aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kiatu.

— Mfuko gani? aliuliza Muganyizi.

— Mwekundu, umefungwa uzi mweusi. Niliuona tangu naweka jiko. Sikuugusa. Nikajisemea, Adventina, nyumbani hujakosa mchele wala kuku, usiziguse dawa za watu.

— Hata mimi niliuona, alikiri Sangara. Siku ile nilikunywa kahawa nimesimama. Hamkujiuliza kwa nini nimesimama?

— Nilidhani ni jipu, alisema Kifungu. Mimi pia niliuona. Nilikaa kwa adabu, nimeupa mgongo. Kisheria, ukikipa kitu mgongo, hukuwa na ufahamu nacho.

— Wote mliuona, alisema Muganyizi polepole, na hakuna aliyeuliza ni wa nani?

— Nyekundu na nyeusi, mwanangu! alisema Adventina. Nani anayefunga mfuko mwekundu kwa uzi mweusi kama hana lake? Ule ulitegwa. Ungeugusa, ungeanza kuvimba tumbo, au biashara yako ingekuwa kila ukiuza mapato yanahamia kwa mwenye mfuko.

— Na ukaenda wapi?

Hapo palikuwa pagumu. Walitazamana.

— Jumanne nilipokuja haukuwapo, alisema Adventina. Gundi, wewe ndiye unayefika wa kwanza. Asubuhi ulikuwapo?

Gundi alikigeuza kiatu, akaitazama soli.

— Jumanne asubuhi, alisema, benchi lilikuwa tupu.

Hakusema uongo. Lakini aliona aibu. Kwa siku mbili alikuwa amejiambia kwamba anaogopa polisi. Sasa aligundua kwamba anawaogopa hawa, ambao amekunywa nao kahawa miaka tisa. Akisema mfuko ninao, jina lake jipya litakuwa limekwishapatikana kabla hajafunga mdomo.

— Basi uliondoka wenyewe, alisema Sangara.

— Uliondoka wenyewe, alikubali Adventina. Na mwenyewe alikuja kuukagua. Hamkumwona yule mama wa jana? Alipita hapa mara mbili, kajitanda kitenge, anachungulia chini ya benchi. Mara ya pili akasimama kabisa pale kwenye jiwe.

— Nilimkazia macho, alisema Sangara. Nikamkazia mpaka akaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mchawi hurudi kukagua dawa yake, alisema Kifungu, kama vile hilo nalo lina kifungu. Ila mimi naunganisha mambo. Mjapani amerudi Jumapili. Mfuko umetokea Jumatatu. Kijana, hukutuwekea mtego? Ili uende ukaandike kwamba Mwanza watu wako hivi na vile?

— Mimi?

— Nauliza tu. Begi lako lenye sikio, na mfuko wetu unaotembea. Inawezekana ule ndio uliokuja kuchukua habari na hili ndilo linalozituma.

Muganyizi alishika kichwa kwa mikono miwili. Alitaka kuwaeleza jambo moja zaidi, kwamba siku ya baridi aliona glavu ndogo ya mtoto imedondoka barabarani, na mpita njia akaiokota akaitundika juu ya uzio, usawa wa macho, ili mwenye nayo akirudi aione. Aliwaeleza. Adventina alishika kifua akasema hiyo ndiyo hirizi kabisa, tena ya hadharani. Sangara alitaka kujua ni glavu ya mkono upi. Gundi hakusikiliza tena. Alikuwa ameona kitenge kikishuka barabara.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miguu imejaa vumbi mpaka kwenye magoti. Alipofika kwenye lile jiwe alisita kama jana. Kisha akavuta pumzi na kuja moja kwa moja.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, na kila mmoja akajivuta kidogo kando.

— Naitwa Bernadeta. Natoka Bujora. Jumatatu nilikuja kwa dada yangu hapa Kirumba, nikakaa hapa kungoja bajaji, nikaacha mfuko. Mwekundu. Kamba yake ya mdomoni ilikatika, ndiyo maana nikaufunga kwa uzi wa kusukia nywele. Kuna aliyeuona?

Katika kijiwe kile, watu watatu walikuwa wameuona mfuko na wametoka kuueleza kwa kinywa chao, rangi na mafundo. Kifungu alitazama saa yake. Sangara alitazama ziwa. Adventina alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagika juu ya mkaa na kutoa moshi.

— Ndani yake mna barua ya mwanangu. Kesho anapasuliwa jicho, na bila barua hawampokei. Jana nilirudi kule kwetu kuomba nyingine, aliyeiandika amesafiri. Jioni nikaja tena huku. Nilipita hapa, nikashindwa kuuliza, mlivyokuwa mnanitazama.

Muganyizi alifumbua mdomo, akawatazama wazee, akangoja wao waanze, kwa heshima. Wazee hawakuanza.

— Haya, alisema Bernadeta. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko miguu yake. Basi nimwachie nani namba yangu, mkiuona anipigie? Katika nyinyi ni nani?

Lilikuwa swali jepesi. Kila mmoja alimtazama mwenzake akijiuliza kama angemwachia yeye namba, na kwa jinsi walivyotazamana, jibu lilionekana. Mama akaanza kugeuka.

Gundi mwenyewe hakujua mkono wake uliinuka lini. Aliuona tu umenyooka mbele yake, kidole cheusi kwa rangi ya viatu kimeelekea kwenye sanduku.

— Mfuko, alisema kwa sauti ambayo kijiwe hakikuwahi kuisikia. Upo.

Alifungua sanduku, akaondoa makopo, akaondoa tairi, akautoa. Alifungua ule uzi mbele ya watu wote na kunyooshea kidole kitu kimoja kimoja, bila kumtazama mtu.

— Barua, ipo. Kadi, ipo. Ndala, pea moja, zipo.

Sangara alikwishasimama na kurudi nyuma hatua mbili. Adventina alisema taratibu, Yesu wangu. Gundi aliwasikia na hakujali, au alijali na akaendelea. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya saa hii siku mbili nzima, usiku na mchana. Akiulizwa kilichopungua ni kipi, alikuwa na jibu. Akiulizwa nani alimruhusu kufungua, alikuwa na jibu. Akiitiwa polisi, alikwishamwambia mke wake lilipo koti zito la kumletea mahabusu.

Bernadeta hakukagua kitu. Alizichukua zile ndala za bluu akazikumbatia, akalia palepale, bila kujificha, kamasi na machozi, na Adventina, ambaye dakika tano zilizopita alimjua kuwa ni mchawi, akampa ncha ya khanga yake ajifute. Kifungu alisogea akampisha mahali pa kukaa. Kwa kitambo kidogo kila mtu alijiona mwema, na Sangara alianza hata kutabasamu.

Mama alijifuta. Akaiweka barua katikati ya kadi, kadi akaishika mkononi, akaitazama. Kisha akamtazama Gundi. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na uso wa mtu anayeulizia njia.

— Baba, alisema, na kidole chake kikapita juu ya zile tarakimu nene, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi. Namba yangu niliiandika hapa. Mbona hukunipigia?

Majibu yote aliyoyaandaa Gundi yalikuwa ya maswali mengine. Alimtazama Kifungu, na Kifungu, mwenye vifungu vya kila kitu, alikuwa anasoma kikombe chake. Alimtazama Sangara, ambaye midomo yake ilicheza ikitafuta methali, kisha ikafunga. Muganyizi alikuwa amelivuta begi lake, amelipakata.

Bernadeta alikuwa bado anangoja, kadi mkononi. Adventina aliinamisha birika juu ya kikombe cha Gundi ili angalau kuwe na kitu cha kufanya, na yakatoka mashapo.